Bonge la damu kwenye mapafu na pumzi kukatika usingizini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kabla ya yote: kama hivi sasa kuna mtu amebanwa pumzi ghafla, ana kichomi kinachokaza akivuta hewa, anakohoa damu au amezimia, acha kusoma. Mpelekeni hospitali yenye oksijeni. Majibu haya yatakuwepo mkirudi.

Bonge la damu kwenye mapafu linatoka wapi?

Mara nyingi linatoka mguuni. Damu inaganda ndani ya vena za kina, zile zilizozama kwenye kigimbi au paja. Kipande kikikatika kinapanda na mkondo wa damu, kinapita upande wa kulia wa moyo, kinakwenda kukwama kwenye ateri za mapafu. Sehemu ya pafu iliyo mbele ya bonge inaendelea kupata hewa lakini damu haifiki, kwa hiyo hewa hiyo haimsaidii mtu. Upande wa kulia wa moyo, ambao umezoea kusukuma damu kwa nguvu ndogo, unajikuta unasukuma mlango uliofungwa. Bonge likiwa dogo mtu anapata kichomi na kuhema. Likiwa kubwa presha inashuka na mtu anaanguka.

Si kila mwenye bonge mapafuni ana mguu uliovimba, kwa hiyo msifute wazo hilo eti kwa sababu miguu iko sawa. Lakini mguu mmoja ukiwa umevimba na unauma, chukua futi ya fundi cherehani, pima vigimbi vyote viwili sentimita 10 chini ya ule mfupa unaotokeza chini ya goti. Tofauti ikizidi sentimita 3, ni jambo la hospitali leo hii.

Na apnea ya usingizi? Si kukoroma tu?

Kukoroma ni sauti ya koo lililobana. Apnea ni koo lililofunga.

Mwangalie mwenye nayo kwa dakika moja. Amelala chali, anakoroma kwa nguvu, mara kimya. Wengi hapo husema afadhali, amenyamaza. Mwanga kidogo wa simu, tazama kifua na tumbo: bado vinatikisika, tena kwa kupishana, kifua kikiingia tumbo linatoka, maana anavuta hewa na hewa haipiti. Hesabu. Sekunde 10, tayari inahesabika kuwa apnea. Sekunde 25, oksijeni imeanza kushuka na mapigo ya moyo yamepungua. Sekunde 35, ubongo unamshtua: anavuta mkoromo mmoja mkubwa kama mzamiaji aliyeibuka majini, anajigeuza, presha inaruka, moyo unakimbia. Pumzi chache tu amelala tena, koo limeanza kulegea upya. Asubuhi atakuambia alilala vizuri.

Ukali hupimwa kwa idadi ya matukio hayo kwa saa, pamoja na yale ambayo hewa hupungua bila kukatika kabisa. Kuanzia 5 hadi 14 ni apnea ndogo, 15 hadi 29 ya wastani, 30 na kuendelea ni kali. Mwenye 30 kwa saa, akilala saa 7, amekabwa mara 210 usiku mmoja.

Sasa koo na bonge la mguuni vinahusiana nini?

Kanuni inayofundishwa kwa jina la daktari Mjerumani Rudolf Virchow inasema damu huganda ndani ya mshipa kwa mambo matatu: ikituama, ukuta wa mshipa ukijeruhiwa, au damu yenyewe ikiwa na wepesi wa kuganda. Apnea inagusa yote matatu.

Oksijeni inayoshuka na kupanda mara mia kwa usiku inachubua utando laini wa ndani ya mishipa, kama vile waya unaokunjwa na kukunjuliwa. Vigandisha damu vinaongezeka, chembe sahani, zile zinazoziba jeraha, zinakuwa na wepesi wa kunatana, na ule mfumo wa mwili unaoyeyusha vibonge vidogo unazubaa, hasa asubuhi. Kwa baadhi ya watu, oksijeni kuwa chini kwa miaka inaufanya mwili uzalishe chembe nyekundu nyingi mno na damu inakuwa nzito. Kutuama kunatokana na jambo la kawaida zaidi: mtu aliyechoka kutwa hatembei. Anakaa.

Tafiti zilizofuatilia makundi makubwa ya watu zimeona kwamba wenye apnea hupata mabonge ya vena takriban mara 2 hadi 3 kuliko wasio nayo. Tatizo ni kwamba unene, umri na ugonjwa wa moyo vinaleta yote mawili, na si rahisi kuvitoa kwenye hesabu. Isitoshe, hakuna jaribio lililothibitisha kwamba kutibu apnea kunapunguza mabonge ya mapafu. Kwa hiyo tunaiita apnea mshukiwa mzito. Anayekuambia imethibitika kuwa ndiyo iliyosababisha bonge lako anakimbia mbele ya ushahidi, na anayekuambia havihusiani kabisa naye hajautazama.

Nakoroma. Nitapata bonge?

Kwa kukoroma peke yake, hapana. Hata wenye apnea kali, wengi wao hawapati bonge kamwe. Hofu yenyewe ianze pale apnea inapokutana na kitu kingine: upasuaji, kulazwa siku tatu au zaidi, mguu kuwekwa plasta ngumu (POP), saratani, ujauzito, bonge la zamani.

Kwa nini mnasisitiza magonjwa haya yasomwe pamoja?

Kwa sababu moja hujificha nyuma ya jingine, na hapa ndipo watu wanapochelewa.

Chukua mgonjwa mnene, mwenye presha, anayekoroma, anayelalamika uchovu na kukosa pumzi usiku. Akipata bonge dogo, kila mtu ana jibu mkononi: ni unene, ni presha, apunguze chumvi. Geuza upande wa pili: mtu ametibiwa bonge vizuri, yuko wodini, lakini kila akilala oksijeni inashuka. Wanaongeza oksijeni, wanatafuta bonge jipya, kumbe ni koo.

Tofauti iliyo rahisi kuiona ni hii. Kukabwa kwa apnea kunakwisha ndani ya sekunde chache mtu akiamka na kuketi. Kukosa pumzi kwa bonge kunabaki macho yakiwa wazi, na kunazidi akitembea hata kwenda chooni tu. Oksimita, kidude cha kidoleni kinachopima oksijeni ya damu, nayo inasaidia: mwenye apnea tupu, akiwa macho, kwa kawaida husoma vizuri. Mwanza, tunakoandikia majibu haya, iko juu kidogo (Ziwa Victoria lenyewe liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari), na mtu mzima mwenye afya hapa husoma kati ya asilimia 95 na 98. Akisoma 91 akiwa amekaa macho, hilo si la apnea ya kawaida. Atafutiwe sababu nyingine. Lakini namba nzuri haiondoi shaka ya bonge. Wapo wenye bonge wanaosoma 97.

Halafu kuna neno letu wenyewe linalochelewesha: kichomi. Mtu akisema ana kichomi, duka la dawa linampa amoksilini na diklofenaki, anapoa siku mbili, anarudi. Akikohoa damu anapelekwa kupima kifua kikuu. Kupima TB ni sawa kabisa, inapatikana sana, na TB yenyewe inaongeza hatari ya damu kuganda. Kosa ni kuishia hapo. Kichomi kilichoanza ghafla, kwa mtu aliyetoka kujifungua, kupasuliwa au kusafiri mbali, kiulizwe habari ya bonge hata kama kuna homa kidogo, kwa maana bonge nalo huleta homa.

Mume wangu hushtuka usiku akihema kama amekabwa. Wazee wanasema ni jinamizi.

Jinamizi ni kitu kingine: mtu ameamka, anaona chumba, ila mwili umekataa kutikisika, na pumzi inaendelea kuingia. Kwenye apnea mwili unatikisika na pumzi ndiyo haiingii. Mrekodi video ya simu, dakika 15 hivi, usiku ukiwa umekolea, akiwa chali, kifua kikionekana. Daktari akiitazama video hiyo anapata habari nyingi kuliko maelezo ya nusu saa.

Muulize pia kama anaamka kwenda haja ndogo mara tatu nne, kama kichwa kinauma asubuhi, na kama presha yake inagoma kushuka licha ya dawa tatu. Wengi hupimwa sukari kwa ajili ya ule mkojo wa usiku, ikionekana sawa wanaachiwa hapo.

Naweza kujipima nyumbani?

Huwezi kujithibitishia, ila unaweza kujua kama unastahili kipimo. Madaktari hutumia maswali manane, kila ndiyo ni alama 1: unakoroma hadi chumba cha pili wanasikia? Unachoka au kusinzia mchana? Kuna aliyekuona pumzi ikikatika? Una presha? Uwiano wa uzito na kimo unazidi 35 (mtu wa mita 1.65 hufika hapo akiwa na kilo 95 hivi)? Umri umezidi 50? Shingo inazidi sentimita 40? Ni mwanamume? Alama 0 hadi 2 hatari ni ndogo, 3 au 4 ya kati, 5 na kuendelea kubwa.

Shingo ipimwe usawa wa koromeo, futi ikilala bila kukaba. Ukivaa shati la kola namba 16 na halifungi kifungo cha juu, jibu umeshalipata.

Maswali haya hayagundui bonge. Bonge halina kipimo cha nyumbani.

Hospitali watanipima nini wakishuku bonge?

Kwanza wanahesabu uwezekano kwa dalili: mapigo yaliyozidi 100 kwa dakika, mguu uliovimba, upasuaji ndani ya wiki nne, bonge la zamani, kukohoa damu, saratani. Uwezekano ukiwa mdogo hufanywa kipimo cha damu kinachoandikwa D-dimer kwenye fomu ya maabara. Kikiwa chini ya 500 (kwa vipimo vya nanogramu kwa mililita), wazo la bonge linafutwa. Ukizidi miaka 50, kikomo kinakuwa umri wako mara 10, kwa hiyo wa miaka 70 kikomo chake ni 700. Kikiwa juu hakithibitishi chochote. Ujauzito, maambukizi, hata upasuaji wa juzi hukipandisha.

Kinachothibitisha ni CT skani ya kifua yenye dawa ya kuonyesha mishipa, inayochomwa kwenye vena ya mkono. Wataulizia figo kwanza, na kama una mzio au unatumia metformini (dawa ya kisukari), sema. Pasipo CT, altrasaundi ya vena za miguu inaweza kutosha: bonge likionekana mguuni kwa mtu mwenye dalili za kifua, matibabu ni yale yale, hakuna haja ya kusubiri. Eksirei ya kifua mara nyingi hutoka safi kabisa, na watu hurudishwa nyumbani kwa sababu ya usafi huo.

Ukiwa Ukerewe au kisiwa kingine, usikae nyumbani kusubiri chombo cha asubuhi cha kukupeleka mjini. Nenda kituo kikubwa kilicho karibu, Nansio kwa mfano, upate oksijeni. Kisha mwulize daktari swali hili kwa maneno haya: je, nichomwe heparini kabla ya rufaa? Kama shuku ni nzito na hakuna hatari ya kutoka damu, sindano hiyo ya kuzuia damu kuganda hutangulia kipimo.

Na kipimo cha usingizi kinafanyikaje?

Kuna kile cha kulala hospitali na nyaya kichwani, kifuani na miguuni, na kuna kifaa kidogo cha kwenda nacho nyumbani: mrija puani, mkanda kifuani, kidude cha oksijeni kidoleni. Kile cha nyumbani hakijui umelala au unajigeuza tu, kinagawa matukio kwa saa zote ulizokivaa, hivyo huonyesha ukali pungufu kuliko ulivyo. Kikitoka safi na dalili ni nzito, kirudiwe kwa kile kikubwa.

Kama ni bonge jipya, apnea haipimwi wiki hiyo hiyo isipokuwa kuna haja. Subirini pumzi itulie, vinginevyo matokeo yatasoma ugonjwa wa mapafu badala ya koo.

Wavuvi wa dagaa, someni hapa. Anayetoka na taa usiku wa giza na kulala mchana, kifaa avae mchana, muda wake wa kulala wa kila siku. Ukimvalisha usiku akiwa macho kwenye mtumbwi, utapata karatasi nzuri isiyo na maana. Na anayesinzia mchana baada ya usiku wa uvuvi si lazima awe na apnea, huenda amekosa usingizi tu. Muulizeni anavyokuwa zile siku za mbalamwezi anapolala usiku.

Nitapewa dawa gani za bonge? Kweli zinayeyusha damu?

Jina "dawa za kuyeyusha damu" limezoeleka ila linapotosha. Hazilainishi damu wala kuliyeyusha bonge. Zinazuia lisikue na jingine lisizaliwe, wakati mwili wenyewe unalisaga taratibu. Dawa za kuyeyusha bonge moja kwa moja zipo, hutolewa kwa mishipa hospitalini pale presha inaposhuka chini ya 90, na hazitolewi ovyo kwa sababu zinaweza kumwaga damu kwenye ubongo.

Dozi za kawaida kwa mtu mzima mwenye figo nzima ziko hivi, ili ujue karatasi yako inasema nini, usijipangie. Enoksaparini ni sindano ya chini ya ngozi, miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito, kila saa 12. Mgonjwa wa kilo 110 akipewa dozi ya kilo 60 kwa sababu hakuna mizani wodini, hajatibiwa, na wenye apnea mara nyingi ndio hao wazito. Mpimwe uzito kwa mizani kweli kweli. Rivaroksabani ni miligramu 15 mara mbili kwa siku kwa siku 21, kisha 20 mara moja. Imezwe na chakula, ugali na mboga, si chai ya rangi. Tumbo likiwa tupu dawa nyingi inapita bila kuingia mwilini. Apiksabani ni 10 mara mbili kwa siku 7, kisha 5 mara mbili, na hiyo haihitaji chakula. Warfarini ni ya siku nyingi na bei nafuu, lakini inaanza na sindano za heparini sambamba kwa angalau siku 5, hadi kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, kifike 2 na kukaa hapo saa 24. Baada ya hapo INR ibaki kati ya 2 na 3. Kuacha sindano siku ya pili kwa sababu "vidonge vimeanza" ni kosa linalorudisha watu wodini.

Ukisahau rivaroksabani katika zile siku 21, imeze mara ukikumbuka, hata viwili pamoja, ili siku isipungukiwe miligramu 30. Ukiwa kwenye ile ya 20, imeze siku hiyo hiyo, ila usirudufu kesho yake.

Vitu gani vinagombana na dawa hizo?

Rifampisini ya TB ndiyo adui mkubwa: inashusha nguvu ya warfarini, rivaroksabani na apiksabani zote. Mgonjwa wa bonge anayeanza dawa za TB lazima daktari apange upya, na akimaliza TB apange tena, kwani warfarini ile ile sasa itakuwa nyingi. Baadhi ya dawa za VVU nazo huingiliana; taja unazotumia bila aibu. Metronidazoli na kotrimoksazoli hupandisha INR. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini za kujinunulia zinatoboa tumbo taratibu; kwa maumivu tumia parasetamoli. Sindano za msuli, zile za makalioni, zikatae: sehemu ile inajaa damu.

Mchicha, matembele na kisamvu havikatazwi kwa anayetumia warfarini. Kinachovuruga ni kula wiki hii kila siku na wiki ijayo kuacha kabisa. Shika kiasi kile kile.

Chuku na chale, acha kwa muda wote wa dawa. Na kimeo: wapo wanaoshauri kikatwe ili mkoromo uishe. Kukata kimeo kienyeji hakutibu apnea, kwa sababu koo hufungika pia nyuma ya ulimi, na kwa mtu aliye kwenye dawa hizi damu yaweza isisimame.

Mashine ya CPAP, ile ya kutibu apnea, ina upepo. Haitalisukuma bonge?

Swali hili linaulizwa kila siku, na jibu ni hapana. Upepo unaingia kwenye njia ya hewa, bonge liko ndani ya mshipa. Ni vyumba viwili tofauti. Mashine inasukuma hewa kwa shinikizo kati ya 4 na 20, kipimo cha sentimita za maji, ili koo lisifunge.

Tahadhari moja ni ya kweli. Kwa mgonjwa mwenye bonge kubwa na presha iliyoshuka, shinikizo kifuani hupunguza damu inayorudi moyoni, na upande wa kulia uliokwisha kuelemewa waweza kushindwa. Saa hizo uamuzi ni wa daktari aliye kitandani. Mgonjwa akitulia, arudie mashine yake.

CPAP haichukui nafasi ya dawa ya bonge, wala dawa ya bonge haifungui koo. Ivaliwe usiku wote. Walio chini ya saa 4 kwa usiku hufaidika kidogo sana.

Umeme ukikatika?

Mashine bila kifaa cha kupasha maji hutumia wati 30 hadi 60. Chukua 40 kwa saa 8: wati-saa 320. Betri ya sola ya volti 12, Ah 100, ina wati-saa 1,200, na ya risasi usiimalize chini ya nusu, kwa hiyo una 600. Unalala usiku mmoja na salio. Tumia adapta ya moja kwa moja ya volti 12 ya mashine husika. Inveta inakula umeme wake yenyewe. Kifaa cha kupasha maji kizime usiku wa betri.

Usipokuwa na umeme kabisa, lala ubavu, inua kichwa cha kitanda, usinywe pombe. Gongo au bia ya jioni inalegeza misuli ya koo, na diazepamu vilevile.

Pua inatoka damu tangu nianze dawa na mashine.

Hewa kavu inapasua utando, dawa inazuia damu isisimame. Washa kipasha maji, weka maji yaliyotoneshwa, yale yanayoitwa distilled (ya bomba au ya ziwa yaliyochemshwa huacha utando mweupe wa chumvi kwenye chombo), puliza maji chumvi puani kabla ya kulala, na angalia kama barakoa inavuja pembeni, kwani uvujaji huongeza kasi ya hewa. Damu ikitoka, keti, inamia mbele, bana sehemu laini ya pua dakika 15 bila kuachia kuchungulia. Isiposimama, nenda hospitali. Usiache dawa kimya kimya.

Kwa nini wasinipe mtungi wa oksijeni tu, nilale nao?

Oksijeni inapandisha namba kidoleni, koo linabaki limefunga. Kwa baadhi ya watu wanene sana inaweza kurefusha vipindi vya kukatika na kujaza hewa chafu ya kaboni mwilini. Bonge likiwa jipya na oksijeni iko chini, hapo ni tiba halali.

Nasafiri Mwanza hadi Dar kwa basi. Nifanyeje?

Ni zaidi ya kilomita 1,100, na hatari ya bonge huanza kupanda safari ikizidi saa 4. Chukua kiti cha pembeni mwa njia, maana wa dirishani haamki. Kila nusu saa inua visigino na vidole mara 20. Basi likisimama, shuka hata kama hununui kitu. Watu wa Geita na Bukoba walikuwa na bahati iliyofichika: kivuko kiliwashusha wote wakatembea. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 basi linapita moja kwa moja, na vigimbi vimepoteza mapumziko. Usimeze dawa ya usingizi ili "ufike umelala". Aliyewahi kupata bonge amwone daktari kabla ya safari kuhusu soksi za kubana au dozi. Aspirini si mbadala.

Na mwenye apnea isiyotibiwa asishike usukani wa safari hiyo. Kusinzia sekunde tatu kwa kilomita 80 kwa saa ni mita 67 barabarani bila dereva.

Mjamzito, aliyejifungua, au anayetumia uzazi wa mpango?

Wiki 6 baada ya kujifungua ndizo za hatari kubwa, zaidi akipasuliwa. Mkoromo ulioanza mimbani pamoja na presha kupanda uelezwe kliniki. Kwa mjamzito dawa ni heparini. Warfarini inadhuru mtoto, na rivaroksabani na apiksabani hazitumiki. Akinyonyesha, warfarini inaruhusiwa. Aliyewahi kupata bonge asitumie vidonge vyenye estrojeni. Kitanzi cha shaba ni salama.

Mtoto wangu ana seli mundu na anakoroma.

Apelekwe. Kanda ya Ziwa ina watoto wengi wa seli mundu, na ugonjwa huo peke yake unaongeza hatari ya mabonge na ya apnea. Kwa mtoto chanzo mara nyingi ni mafindofindo na nyama za pua, na upasuaji wake huondoa apnea kwa wengi. Oksijeni ikishuka usiku, chembe zinajikunja, maumivu yanaanza. Akiwa na kifua kinachouma, homa na pumzi fupi, ni dharura.

Miezi mitatu imekwisha. Naacha dawa?

Miezi 3 ndiyo chini kabisa. Bonge lililotokana na sababu ya kupita, kama upasuaji, kwa kawaida huishia hapo. Lililokuja bila sababu, daktari atapima kuendelea bila kikomo dhidi ya hatari ya kutoka damu. Apnea peke yake si sababu ya kutumia dawa maisha, ila unene unaoandamana nayo huingia kwenye mizani. Kupungua uzito kwa asilimia 10 kumeonekana kupunguza matukio ya apnea kwa takriban robo.

Jipime kwa mwinuko unaoujua. Uliyekuwa unapanda kilima cha Bugando bila kusimama, na sasa, miezi mitatu ya dawa ikiwa imekamilika, unasimama mara mbili, usikubali kuambiwa ni uzee. Omba eko, yaani altrasaundi ya moyo. Kuna wachache ambao bonge lao haliyeyuki, linageuka kovu ndani ya ateri, na presha ya mapafu inapanda. Hao wana matibabu yao, hata upasuaji. Apnea nayo hupandisha presha hiyo, kwa kiasi kidogo, na kwa waliokulia ufukweni kichocho cha tumbo kilichoharibu ini kinaweza kufanya vivyo hivyo. Mwambie daktari yote matatu kabla hajaanza kuandika.